Abiria wa Stesheni Iliyofungwa

Doa la kwanza lilikuwa dogo kiasi kwamba Mama Povu aliyalaumu macho yake. Alikuwa ameanika shuka za nyumba ya wageni kwenye kamba iliyopita chini ya paa la jukwaa, nyeupe pee, na alipokwenda kuzianua akaona alama nyeusi pembeni mwa shuka moja, mfano wa kidole kilichoshika tako la sufuria. Akaipangusa, ikaenea. Akainusa. Harufu iliyompanda puani ilikuwa ya moshi wa makaa ya mawe na chuma kilichopata moto.

Sasa hayo makaa ya mawe yalitoka wapi, hakuna ambaye angeweza kumwambia. Treni za makaa zilikwisha zamani, kabla hata yeye hajaolewa. Zilizobaki zilikuwa za dizeli, na hizo nazo hazikuwa na habari na stesheni ile. Zilipita zikipiga honi, abiria wakitazama madirishani, na kuendelea mjini. Stesheni ilikuwa imefungwa miaka mingi. Milango ilipigwa misumari, saa ya ukutani iling'olewa na watu wasiojulikana, na kibao cha jina kikafutika kwa jua hata likabaki bati tupu.

Mama Povu alikodi jengo lile kwa sababu lilikuwa na bomba lenye maji ya nguvu na jukwaa refu la kuanikia, mvua inyeshe isinyeshe. Kwenye chumba cha tiketi aliweka mashine za kufulia. Chumba cha kungojea kikawa cha pasi. Ofisi ya stesheni masta, yeye na mumewe waliitia kitanda na kabati, wakahamia. Jina la Mama Povu alipewa na wateja, na alilipenda, maana mwanamke aliyeanza kwa beseni moja na mikono iliyochubuka hana sababu ya kulionea haya povu.

"Umeanua kwa mikono michafu," alimwambia mpiga pasi wake, mama mmoja mnene mcheshi aliyekuwa naye tangu siku za beseni.

"Mimi? Mikono hii nimeiosha mpaka imesahau rangi yake."

Wakacheka. Shuka ikarudi mashineni.

Kesho yake yalikuwa madoa mengi. Keshokutwa ikawa viganja vizima, vidole vitano vitano, virefu kuliko vya mtu, vimekamata shuka katikati kama mtu anayefungua pazia ili apite. Wakafua tena. Wakaanika ndani, masizi yakawafuata ndani. Wakabadilisha sabuni, wakabadilisha kamba, wakafunika jukwaa zima kwa turubai. Mwenye nyumba ya wageni akaja mwenyewe na furushi, akalibwaga juu ya meza ya pasi.

"Mama Povu, mimi naendesha nyumba ya kulala watu. Hizi ni shuka au matambara ya gereji?"

"Nipe siku mbili, ndugu yangu."

"Ulisema hivyo juzi."

Na kweli alisema hivyo juzi. Mama Povu alikuwa mtu wa kazi, na mtu wa kazi akikutana na jambo lisilotibika kwa kazi, hasira humla utumbo. Kila shuka alikuwa akiifua mara tatu. Mgongo ulimuuma, mikono ilianza kuchubuka upya, na kila alipogeuka, lililokuwa safi limeshachafuka. Ni kama kuchota maji kwa tenga, ila tenga mtu hulicheka, na hili halikuchekesha.

Kisha shuka zikaanza kuhama. Asubuhi walizikuta kwenye mabenchi ya zege ya jukwaani, zimetandikwa, pembe zimekunjwa vizuri kuliko mpiga pasi alivyoweza kukunja. Benchi baada ya benchi, kama wodi inayosubiri wagonjwa.

"Huyo mwizi gani anayekuja kutandika?" Mama Povu aliuliza.

Mpiga pasi hakucheka. Alivuta kanga yake mabegani, akasema kwa sauti ya chini, "Dada, tuondoke hapa."

"Tuondoke twende wapi? Mashine nimezifungia kwenye sakafu kwa zege."

Mumewe ndiye aliyezifunga. Watu walimwita Fundi, na kwa hakika mikono yake iliweza kufufua chochote chenye mota. Alikuwa mwanamume wa maneno machache, fulana yenye mafuta mchana kutwa, asiyejali hata kuchana nywele. Basi siku moja alasiri Mama Povu akamwona amesimama ukingoni mwa jukwaa, amevaa shati lililopigwa pasi, amefunga vifungo mpaka shingoni, ameshika ufagio. Jukwaa lote lilikuwa limefagiliwa. Treni ya jioni ikapita kwa kishindo, upepo wake ukamrusha shati, na yeye akaifuata kwa macho mpaka ilipopotea kwenye kona. Kisha mabega yake yakashuka, kama mtu aliyenyimwa kitu mbele za watu.

"Baba, unafanya nini?"

Akamtazama mkewe, akautazama ufagio. "Sijui. Nimejikuta tu."

Siku ya pili alijikuta tena. Na ya tatu. Nyumbani alikuwa mzima, anakula, anatengeneza mashine, anajibu akiulizwa. Lakini jua likianza kuegemea mapaa, alikwenda kuoga bila kuagizwa, akavaa, akatoka. Mama Povu alijaribu kumfungia ndani. Alikaa kitandani ameuelekea mlango, na treni ilipopita, machozi yakamtiririka usoni wakati uso wenyewe umetulia kabisa, hauna huzuni, hauna chochote. Jambo hilo lilimtisha Mama Povu kuliko viganja vyote vya masizi.

Akaanza kuulizia. Alitaka kujua tu, stesheni hii ilifungwa kwa nini?

Kwenye ofisi za reli mjini walimpiga danadana. Dirisha la kwanza likamtuma la pili, la pili likamrudisha la kwanza, mpaka karani mmoja mwenye miwani akamwambia bila kuinua uso kwamba ilifungwa kwa kukosa abiria, na kwamba mtu haulizi swali kama hilo saa za kazi. Kinyozi wa mtaani akasema ni mafuriko. Mwenye duka la jirani akasema hapana, ni ile kona, treni zilikuwa zinashindwa kufunga breki. Mzee mmoja akasema wote waongo, kisha akakataa kueleza ukweli ni upi. Mama Povu alirudi nyumbani na stesheni tatu kichwani, na hata moja haikufanana na ile aliyokuwa akilala ndani yake.

Mpiga pasi ndiye aliyemleta mganga. Alikuwa mtu mkavu, mwenye kikohozi, amevaa koti la suti lililokwisha viwiko, na alizunguka jengo zima na kibweta chake bila kusema neno. Akachoma ubani kwenye chumba cha kungojea. Moshi ulipanda kidogo, ukasita, kisha ukageuka na kumwingia yeye puani. Alikohoa mpaka akakaa chini. Akasoma alichojua. Alipomaliza, ukutani pakasikika mtu akishusha pumzi ndefu, ya uchovu na adabu, kama mwenye nyumba anayengoja mgeni msumbufu amalize hotuba.

Mganga akafunga kibweta.

"Yupo," alisema. "Na hana ugomvi na nyinyi. Huyu ana haja. Jini mwenye ugomvi unaweza kumfukuza. Mwenye haja hatoki mpaka atimiziwe."

"Haja gani?"

"Hajasema. Nimemuuliza, kanyamaza. Mama, tafuta mtu aliyekaa hapa kabla yako. Mimi siwezi kupiga ngumi gizani."

Aliyekaa pale kabla yao alikuwa stesheni masta wa mwisho. Mwenyewe alishakufa, lakini mjane wake alikuwa hai, anaishi kwa bintiye mitaa michache kutoka pale, na watu wa zamani walimwita Bibi Stesheni. Mama Povu alikwenda mara ya kwanza, akaambiwa amelala. Mara ya pili, anaumwa. Mara ya tatu hakupiga hodi mlangoni, alizungukia uani, akamkuta bibi anachambua mchele, mzima wa afya.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye dobi." Hakuinua macho. "Ondoka pale, mjukuu wangu. Basi, hayo ndiyo yangu."

"Siwezi kuondoka. Mume wangu hayuko sawa, bibi. Kila jioni anavaa, anasimama pale jukwaani. Naomba uniambie kuna nini."

Mikono ya bibi ikasimama juu ya ungo. "Amekwisha kuanza kuvaa?"

"Ndiyo."

Bibi aliuweka ungo chini. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayesikilizwa na ukuta, "Kabla ya reli palikuwa na shimo pale, na ndani ya shimo palikuwa na wenyewe. Watu wa reli wakalifukia, wakajenga chumba cha kungojea juu yake. Wengine wakahama. Mmoja akabaki. Huyo anangoja treni."

"Anangoja treni," Mama Povu alirudia. Baada ya majuma ya kuhangaishwa, hatimaye neno moja lenye maana. Stesheni imefungwa, treni hazisimami, na msafiri amekwama jukwaani. Hata yeye angechafua shuka za watu.

"Ahsante, bibi. Mungu akuzidishie."

"Ngoja kwanza, mjukuu wangu, keti, bado sija..."

Lakini Mama Povu alikuwa ameshafika kwenye geti, kiatu kimoja mkononi, maana kamba yake ilikatika na hakutaka kupoteza wakati kuifunga.

Mganga alipoambiwa, alikuna kidevu. "Inaingia akilini," alisema. "Asimamishiwe treni, apande, aende zake."

Kusema ni rahisi. Mama Povu alirudi kule kwenye madirisha, akaomba treni isimame pumzi mbili tu, mara moja tu. Karani mwenye miwani safari hii aliinua uso, kwa ajili ya kumcheka vizuri. Ikabaki njia ya mlango wa nyuma. Dada wa mpiga pasi alikuwa ameolewa na dereva wa treni, na dereva huyo alikuwa mtu wa huruma.

"Shemeji," alimwambia mpiga pasi, "nikisimama bila sababu wananifukuza kazi. Nitasema breki zimeng'ang'ania. Lakini sizimi injini, na msinicheleweshe."

Siku ile Mama Povu alifunga mapema. Jua lilikuwa bado juu ya mapaa, jukwaa limefagiliwa, na shuka za asubuhi zilining'inia kwenye kamba kwa sababu hakuna aliyekuwa na moyo wa kuzianua. Fundi alisimama mahali pake, shati jeupe, nywele zimechanwa. Mganga alikaa kwenye benchi la mwisho. Mpiga pasi alishika mkono wa Mama Povu, na mikono yote miwili ilikuwa ya baridi.

Treni ikatokea kwenye kona. Ikapiga honi, ikapunguza mwendo, magurudumu yakalia kama yanaonewa, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi behewa likasimama mbele ya stesheni ile. Abiria wakachungulia madirishani, wakishangaa. Mlango mmoja ukafunguka wenyewe.

Mama Povu alingoja upepo uingie mle ndani, alingoja ile harufu ya makaa imtoke puani na kupanda ngazi za behewa na kwenda zake, alikuwa ameshaanza hata kupumua kwa raha, lakini harufu haikwenda, ilizidi, ilikuja ikitokea mlangoni mwa behewa kama moshi wa jiko lililofunuliwa, ikichanganyika na unyevu wa udongo wa chini sana, na ndani ya harufu hiyo kukawa na nyayo, si za mtu mmoja, nyayo nyingi, nzito na nyepesi, zenye viatu na zenye kitu kilichogonga zege kama kwato, zikishuka, zikishuka, zikishuka bila kukatika, na shuka kwenye kamba zikaanza kusogezwa moja moja, hii ikainuliwa, ile ikasukumwa kando, kila moja ikiacha nyuma yake alama ya kiganja, na mumewe, Fundi wake asiyejua kumkaribisha hata shemeji yake mezani, akanyoosha mkono mbele yake patupu, akaushika mkono usioonekana, akautikisa, akainama kidogo, akanyoosha tena kwa mwingine, na mwingine, akisema kwa sauti ya upole isiyokuwa yake, "Karibuni. Poleni na safari. Karibuni ndani. Poleni na safari."

Mlango ukajifunga. Treni ikaondoka.

"Mzee," Mama Povu alinong'ona, "ameondoka?"

Mganga alikuwa ameshasimama, kibweta kifuani. Uso wake ulikuwa umepauka. "Mama, mimi niliitwa kumtoa mmoja," alisema. Akashuka jukwaani, akafuata reli kwa miguu kuelekea mjini, na hakugeuka.

Walimtoa Fundi pale kwa nguvu, mke na mpiga pasi, mmoja kila kwapa. Hakupigana. Aliendelea kunyoosha mkono njiani. Waliondoka bila mashine, bila kitanda, bila sufuria, na usiku huo wakalala kwa mpiga pasi, watoto wake wamehamishiwa sebuleni.

Asubuhi Mama Povu alikuwa uani kwa Bibi Stesheni, na safari hii hakukumbuka kuamkia.

"Uliniambia anangoja treni."

"Nilikuambia anangoja treni. Sikukuambia anasafiri." Bibi alisogeza kigoda. "Nilikuita uketi. Ulikimbia."

Mama Povu akaketi. Alitaka kulia, lakini hasira zilikuwa zimeziba njia.

"Yule ni mwenyeji," bibi alisema. "Wenzake waliohama anataka warudi, na wanarudi kwa njia ileile iliyowafukuza. Kila treni iliposimama, walishuka wawili watatu. Mume wangu alikuwa anakusanya tiketi mlangoni. Siku moja akaniambia, mke wangu, wanaoshuka ni wengi kuliko wanaotoa tiketi. Baadaye naye akaanza kuvaa vizuri jioni. Unaelewa? Siku alipopata fahamu kidogo, alikwenda mjini akawaambia wakubwa stesheni haina abiria. Ilikuwa inajaa, mjukuu wangu, watu wa mtaa mzima walipandia pale. Alidanganya, akadanganya, mpaka wakaifunga. Walimtukana mtaani mpaka anazikwa. Hakumjibu mtu."

"Na mimi nimewafungulia."

"Umewafungulia mara moja. Watu husema mgeni njoo mwenyeji apone. Yule kapona kidogo. Muhimu wasizidi. Treni isisimame tena pale, basi."

Hilo Mama Povu aliliweza, alidhani. Alikodi kibanda cha mabati mtaa wa pili, akarudi kwenye beseni na mikono iliyochubuka. Mwenye nyumba ya wageni alimrudia, akinung'unika. Shuka zilitakata. Fundi alipona, au tuseme alirudi kwenye fulana yake ya mafuta, akawa anatengeneza redio za majirani. Ila jioni treni ikipiga honi, aliacha kazi mikononi mpaka sauti iishe, na mkewe alijifunza kutomtazama wakati huo.

Halafu likaja gari la matangazo. Wakazi wote waliombwa kufika kwenye stesheni ya zamani Jumamosi asubuhi, kuna habari njema.

Mama Povu alikwenda mbio, Fundi nyuma yake. Walikuta wakazi wachache tu, kinyozi, mwenye duka, akina mama wawili watatu na watoto wao, wamekaa mbele ya jukwaa kwenye viti vya kuazima. Wengine hawakujali kuja. Juu ya jukwaa alisimama afisa wa reli, kijana nadhifu mwenye kipaza sauti. Alieleza kwamba shirika limepokea taarifa kutoka kwa madereva wake. Kila siku, treni zote, asubuhi na jioni, dereva akipita hapa anakuta watu wamejaa jukwaani wanangoja. Ni aibu kuwaacha. Shirika limeamua kuifungua stesheni, na treni zote zitasimama.

Watu wakapiga makofi. Mama Povu akasimama.

"Hakuna abiria hapa," alisema. "Mimi nimeishi humu. Hao wanaoonwa na madereva si watu."

Kinyozi akacheka, wengine wakamfuata. Mtu akasema, "Huyo alifilisika humo ndani, ana uchungu."

"Mama, tunakuheshimu," afisa alisema. "Lakini tunakwenda kwa ushahidi. Madereva wameona kwa macho."

"Muulizeni Bibi Stesheni. Mume wake ndiye..."

"Mama, keti."

"Mkisimamisha treni hapa watashuka wengine. Nisikilizeni, nawaomba mnisikilize."

Hakuna aliyemsikiliza. Sauti yake ilipasuka, akaona aibu ya kupasuka kwake, akaketi. Alikuwa amefua, amelipa nauli, amepanga foleni, amebembeleza, amesema kweli, na vyote vilikuwa vimemrudisha kwenye kiti cha kuazima mbele ya jukwaa lilelile.

"Basi tufanye kidemokrasia," afisa alisema akitabasamu. "Wanaotaka stesheni ifunguliwe, wanyooshe mikono."

Mikono ikapanda. Kinyozi. Mwenye duka. Akina mama. Mama Povu akahisi kitu kikisogea ubavuni mwake, akageuka, na mkono wa Fundi ulikuwa juu, umenyooka, uso wake umetulia, hauna furaha, hauna chochote.

Afisa alianza kuhesabu kwa kidole. Alihesabu viti vya mbele, akainua macho, akapoteza hesabu, akaanza upya. Kisha akageuka nyuma yake, kule ndani chini ya paa, kwenye mabenchi ya zege ambako hapakuwa na mtu, akacheka kwa adabu kama kiongozi aliyefurahishwa na mahudhurio.

"Nyinyi wa huku nyuma, ahsanteni sana kwa kujitokeza wengi namna hii," alisema kwenye kipaza sauti. "Shusheni mikono kwanza, nimalize kuwahesabu hawa wa mbele."